Sura ya Sita: Kuni Zisikae na Mahindi

Katika maboma mengi ya upande wa kusini wa Mlima Meru, kuanzia Akheri na Poli hadi Nkoaranga, kuni hupangwa pahali pamoja: nyuma ya nyumba, zimeegemea ukuta, chini ya ukingo wa paa. Anayeziweka hapo ana sababu zake, tena nzuri. Masika huku ni nzito na ukingo wa paa unazikinga. Jiko liko hatua chache tu. Mtu akija usiku kuzichukua, wa ndani watamsikia. Kwa hiyo siwalaumu akina mama na vijana waliozipanga. Ninachotaka kuonyesha ni gharama ya mpangilio huo, maana huja polepole na hulipwa mahali pengine: kwenye fremu ya mlango, kwenye kenchi, kwenye gunia la mahindi lililo chumba cha pili, na wakati mwingine kwenye mibuni iliyobaki shambani.

Tuanze na kuni zenyewe. Siku hizi nyingi hazitoki msituni. Msitu wa juu ya mlima umehifadhiwa, na sehemu yake iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Kinachochomwa nyumbani hutoka zaidi shambani. Kuna matawi ya mgrivea, mti wa Australia ulioletwa enzi za ukoloni kutia kahawa kivuli na ambao sasa umesimama kwenye mipaka ya mashamba karibu yote. Kuna mikaratusi, matawi ya mringaringa, visiki vya kahawa iliyong'olewa na magunzi ya mahindi. Kuna mabanzi, yale magamba ya gogo yanayobaki kwenye mashine za kupasulia mbao. Ukizunguka mlima hadi Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, ambako mvua ni haba, utaona migunga zaidi.

Kuni hizi hazifanani machoni pa mdudu. Mti una sehemu mbili zinazomhusu. Ya nje, ile nyeupe iliyo chini ya gome, ndiyo iliyokuwa ikipandisha maji na kutunza akiba ya wanga mti ulipokuwa hai. Ya ndani, kiini chenye rangi iliyokolea, haina wanga mwingi, na katika miti kadhaa imejaa kemikali ambazo mti uliziweka kujilinda. Ndiyo maana nguzo ya mtarakwa, mwerezi wetu wa milimani, hudumu ardhini miaka mingi huku mchwa wakiipita kwenda kwenye nguzo ya mgrivea iliyo jirani. Banzi ni kinyume cha kiini. Ni gome na sehemu nyeupe tupu. Ni rahisi, linawaka vizuri, na hakuna chakula cha wadudu kilichoandaliwa vizuri kuliko hicho. Anayenunua mabanzi kwa wingi inampasa kuyashughulikia kwa haraka kuliko kuni nyingine zote.

Sasa, si kila mdudu anayetoka kwenye kuni ni adui wa nyumba, na hili lazima lisemwe wazi kwa sababu hofu huwafanya watu wakimbilie dawa. Gogo likiwa bado bichi, mbawakawa wenye papasi ndefu hutaga mayai kwenye nyufa za gome. Mabuu yao hula chini ya gome, wakiacha njia pana zilizojaa unga uliosagika. Ukipasua gogo na kumkuta buu mweupe, mnene, asiye na miguu ya kuonekana, mara nyingi ni huyo. Wengi wa ukoo huu wanahitaji mti mbichi au unaokufa. Kuni zikikauka, kizazi kinachotoka hakiwezi kutaga humo tena, wala hakina haja na kenchi zako zilizokwisha kukauka. Kuku wakimpata watamla, na habari yake imekwisha.

Wanaosumbua zaidi ni bungua wa mti mkavu. Hawa ni wadogo, wengine milimita 3 au 4 tu, weusi au kahawia, na kazi yao utaijua kwa vitundu vya duara na unga unaomwagika chini. Unga ukiwa laini kabisa, mdudu wake anakula wanga wa mbao ngumu na anaweza kurudi kwenye ubao uleule kizazi baada ya kizazi. Akitoka kwenye rundo, mguu wa kitanda, mpini wa jembe, fito za dari na stuli ya jikoni vyote ni vyake. Kuni zilizokaa miaka miwili bila kuguswa, zile za chini kabisa ambazo kila mtu anazipita kwa kuchukua za juu, ndizo zinazomlea.

Halafu kuna mchwa.

Mchwa wanaokula nyumba za Arusha wengi ni wa ardhini. Kiota kiko chini, pengine mbali na nyumba, na vibarua hutoka kutafuta chakula kisha hurudi nacho. Ngozi zao ni laini na hukauka upesi hewani, ndiyo sababu hawatembei wazi. Hujenga vijia vya udongo, vyembamba, vilivyofunikwa, kutoka ardhini hadi penye mti. Jamii kadhaa, zikiwemo zile zinazojenga vichuguu vikubwa vya tambarare za chini ya mlima, hazimeng'enyi mti zenyewe tu. Hupeleka vipande kiotani na kulima juu yake kuvu, kisha hula kilicholainishwa na kuvu hiyo. Uyoga wa vichuguuni tunaouchuma wakati wa mvua hutokana na bustani hizo, na kumbikumbi wanaozunguka taa mvua zinapoanza ni mchwa wenye mbawa walioagwa wakaanzishe makoloni mapya. Kwenye baridi ya juu ya mlima mchwa hupungua. Mjini, kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na zaidi kuteremka Maji ya Chai, Kikatiti na Kisongo, wamejaa.

Mdudu wa aina hii anachohitaji ni vitu vitatu: mti, unyevu na kificho. Rundo la kuni lililolala moja kwa moja juu ya udongo linampa vyote. Kuni za chini hunyonya maji ya ardhi, giza limo ndani ya rundo, na akishamaliza kula kilichoko huko anakuwa amefika ukutani. Nyumba nyingi zina msingi wa mawe ya mlimani na saruji unaoonekana juu ya ardhi kiasi, na msingi huo una kazi ambayo wenye nyumba hawaijui: ni dirisha la kuwaona mchwa. Kijia cha udongo kikipanda juu ya zege utakiona kwa macho asubuhi unapofagia. Ukiupanga ukuta huo wote kwa kuni, umefunga dirisha. Mchwa watapanda nyuma ya kuni, wataingia kwenye ufa ulio chini ya fremu, na utakachokiona kwanza ni ubao unaobonyea kidole kinapouminya. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko hata chakula chenyewe tunachowapa. Mwenye nyumba anayeweza kuuona msingi wake wote pande nne ana kinga ambayo hakuna dawa inayoizidi.

Lakini mdudu ninayetaka tukae naye zaidi katika sura hii hali ukuta. Anakula ugali wa mwaka kesho.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tabora mbawakawa mgeni kutoka Mexiko na Amerika ya Kati. Mwaka 1981 wataalamu walimtambua rasmi. Wakulima walikuwa wamekwisha kumpa majina: dumuzi, na Scania, kama yale malori makubwa. Katika maghala ya vijiji vya magharibi, mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake yalipoteza hadi kama theluthi moja ya uzito ndani ya miezi 3 hadi 6, hasara ambayo fukusi wetu wa zamani hakuwahi kuileta. Kutoka hapo alisafiri na biashara ya nafaka, gunia kwa gunia, barabara kwa barabara. Mwaka 1983 alikuwa amefika Taveta, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Moshi. Arusha, mji wa njiapanda na masoko makubwa ya mahindi, haikuwa na namna ya kumkwepa. Leo hakuna mkulima wa Meru asiyemjua.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni asili yake. Dumuzi anatoka katika ukoo wa bungua wa miti. Umbo lake lote linasema hivyo: mwili wa mviringo wa milimita 3 hadi 4 na nusu, kichwa kilichofichwa chini ya kifua, taya za kutoboa. Mahindi aliyazoea baadaye. Huko kwao, na pia huku Afrika, anaishi porini ndani ya matawi makavu bila kuona punje hata moja. Katika miaka ya 1990 watafiti nchini Kenya walimjaribu kwenye matawi ya miti ya asili na ya mashambani wakakuta kwamba kadhaa inaweza kumlea. Ndiyo maana hakutokomezwa na wala hatatokomezwa. Unaweza kusafisha ghala, ukachoma magunzi, ukauza mahindi yote hadi punje ya mwisho, naye akakusubiri kwenye boriti za kihenge, kwenye fito za mianzi, au kwenye kuni.

Fikiri sasa jinsi tunavyoishi. Mahindi huvunwa, magunia hupangwa stoo au kwenye chumba cha pembeni. Kwa kuwa stoo ina paa na mlango unaofungwa, kuni nazo hupata pembe yake humohumo, hasa mvua zikikaribia. Magunzi yaliyopukuchuliwa huwekwa kwenye kiroba juu ya kuni kwa ajili ya kuwashia moto, yakiwa bado na vipande vya punje na, mara nyingi, wadudu ndani ya moyo wa gunzi. Tumemjengea dumuzi nyumba ya vyumba viwili. Akimaliza mahindi mwezi wa Februari anahamia chumba cha kuni, na mavuno mapya yakiingia anarudi. Kwa hiyo kama msomaji hatafuata ushauri mwingine wowote wa sura hii, naomba afuate huu: kuni na mahindi visilale chini ya paa moja, na magunzi yachomwe kwanza, kabla ya kuni zote.

Mengine kuhusu mahindi yanajulikana, nitayapita haraka. Yapukuchue, kwa sababu dumuzi hutoboa vizuri zaidi punje zikiwa zimeshikiliwa na gunzi kuliko zikiwa huru zinacheza gunia likiguswa. Yakaushe barabara. Unga wa kuhifadhia nafaka uliotengenezwa baada ya ujio wake huchanganya dawa mbili, moja kwa fukusi na nyingine kwa dumuzi, na kipimo cha kawaida ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Soma lebo, nunua kwa muuzaji anayetambulika. Mifuko isiyopitisha hewa, ile tunayoiita ya PICS, huua wadudu kwa kuwanyima oksijeni bila dawa yoyote, ila iweke mbali na kuni zenye bungua, maana dumuzi anaweza kuutoboa mfuko wa nailoni kutoka nje. Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992 waliachia mbawakawa mwingine wa Amerika ya Kati anayemla dumuzi. Amesaidia porini. Stooni bado kazi ni yako.

Kahawa nayo ina deni lake kwenye rundo hili. Bungua mweupe wa kahawa hutaga kwenye gome la shina la mbuni, karibu na ardhi. Buu wake hulizunguka shina chini ya gome, kisha huingia ndani ya mti na kukaa humo mwaka mmoja hata zaidi kabla ya kutoka akiwa mbawakawa kamili, kwa tundu la duara. Mbuni uliogeuka njano na kunyauka hung'olewa. Huo ndio ushauri wa siku zote, na ni sahihi. Kinachoharibu ni hatua inayofuata. Shina la kahawa ni kuni nzuri sana, gumu, lenye makaa ya kudumu, na hakuna mama wa Meru atakayelitupa. Linapangwa nyuma ya nyumba likauke, hatua chache kutoka mibuni mizima. Buu aliyemo hajui kwamba mti umeng'olewa. Mvua za kwanza zinaponyesha anatoka na kurudi shambani. Mashina yenye tundu au unga wa bungua yasikae rundoni hata kidogo: yapasuliwe na kuchomwa wiki ileile. Hupotezi kuni, unabadilisha tu zamu ya kuziwasha.

Wazee wetu walikuwa na mpango uliotatua karibu yote haya kwa pamoja. Katika majiko ya zamani ya vijiji hivi, juu ya mafiga kulikuwa na dari ya fito. Kuni za akiba zilipandishwa huko, na mahindi ya mbegu yalining'inizwa karibu. Moto wa kila siku ulizikausha hadi zikalia zikigonganishwa, na moshi ulipenya kila ufa. Bungua hapendi mti mkavu namna hiyo, mchwa hakuwa na njia ya udongo, dumuzi bado alikuwa Amerika. Mpango huo umevunjika katika kipindi cha kizazi kimoja au viwili. Tumejenga majiko ya matofali yenye bomba la moshi, tumenunua mitungi ya gesi, na serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Nafurahia mabadiliko hayo kwa moyo wote. Moshi uliokausha kuni ndio uleule uliowaumiza macho na mapafu akina mama zetu na watoto waliobebwa mgongoni. Ila dari ilipoondoka hatukuweka kitu badala yake. Kuni zilishushwa ukutani, mahindi yakahamia chumbani, na kazi ambayo moshi uliifanya bila kuombwa haikukabidhiwa mtu.

Cha kuweka badala yake ni kichanja. Chagua mahali penye upepo na jua la mchana, mita 5 au 6 kutoka nyumba na mbali na stoo ya mahindi. Panga mawe au matofali, juu yake laza mabomba ya chuma yaliyochakaa au nondo nene, ili kuni ya chini kabisa iwe juu ya ardhi kiasi cha kuku kupita, sentimita 30 hivi. Miguu ya miti iliyochimbiwa ardhini haifai, maana ni ngazi ya mchwa. Ukikosa kingine, basi kila mguu ukae juu ya jiwe, usiguse udongo. Juu weka bati lenye mteremko. Pembeni acha wazi kabisa. Turubai la nailoni linalofunika rundo lote hadi chini huonekana kama ulinzi, lakini linafungia unyevu ndani, na ukilifunua baada ya wiki mbili za masika utakuta ukungu, mende na konokono.

Kuni zipasuliwe kabla ya kupangwa. Gogo zima lenye gome linaweza kubaki bichi ndani mwaka mzima. Likipasuliwa mara nne hukauka ndani ya miezi ya kiangazi. Gome linaloachia kwa mkono libanduliwe na liwe la kuwashia. Kwa hali ya hewa ya Arusha, kazi hii ina nafasi mbili nzuri: Januari na Februari kabla ya masika, na Agosti hadi Oktoba kabla ya vuli. Kuni zilizopasuliwa Juni, katikati ya ukungu na manyunyu ya baridi, hukaa na maji hadi Septemba. Sokoni, usiulize tu kama ni kavu. Muuzaji atakujibu, "Kavu kabisa, mama, chukua tita lote." Omba vipande viwili uvigonganishe. Vikavu vinalia kwa sauti kali. Vibichi vinatoa sauti iliyokufa. Tazama ncha zake pia: zilizokauka zina nyufa kuanzia katikati kwenda nje.

Kisha kuna mpangilio wa kutumia, ambao ndio unaosahaulika kuliko wote. Kichanja kigawe sehemu mbili. Moja inatumika hadi iishe kabisa, chini yake pafagiliwe, ndipo ijazwe upya huku ukihamia ya pili. Kwa njia hiyo hakuna kuni inayozeeka chini. Ndani ya nyumba ingiza za mlo wa leo na wa kesho asubuhi, basi. Kabla ya kuziingiza, zigonge chini nje. Mende, tandu na nge hupenda nyufa za gome, na mtoto anayetumwa kuni usiku awe na tochi na viatu.

Watu wa mjini watasema mita 6 hawana, na ni kweli. Sakina, Unga Ltd., Kijenge, ua wote unaweza kuwa mdogo kuliko kichanja ninachokieleza. Hapo tufanye hesabu nyingine. Nunua kidogo, za wiki moja au mbili, ziwe zimekauka tayari. Ziweke kwenye fremu ya chuma juu ya sakafu ya saruji, ukiacha nafasi kati yake na ukuta ya kupitisha ufagio na macho. Zisiwe chini ya dirisha la chumba cha kulala, zisiwe karibu na mtungi wa gesi, na zisiegemee uzio wa mbao wa jirani, kwa sababu mchwa wako ni mchwa wake.

Nimefika kwenye dawa, na hapa nitasema kwa ukali. Usipulizie kuni kiuatilifu. Kuni ni kitu utakachokichoma, na kilichopuliziwa kitatoka kwenye moshi, juu ya sufuria, machoni pa anayepika. Dawa hiyo haiwaui waliomo ndani ya mti wala haifiki kiotani. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huipaka nguzo za uzio, iishie hukohuko. Kuni iliyoloa oili haifai jikoni. Hatari kubwa zaidi ni vipande vya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani zinazobaki baada ya kuezeka, pamoja na mabaki ya nguzo za umeme. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki. Mti ukiungua, aseniki haiteketei: sehemu hutoka na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu, na majivu hayo sisi huyamwaga kwenye mboga na migomba. Fundi akimaliza kuezeka, vipande hivyo viwekwe mbali na kuni siku hiyohiyo.

Mkoa huu una kumbukumbu ndefu ya sumu za wadudu. Mashina ya kahawa yalipakwa dieldrin kwa miaka kumzuia bungua mweupe, mpaka ilipojulikana jinsi inavyodumu kwenye udongo na kwenye mafuta ya miili ya viumbe. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka kati ya kemikali za kuondolewa duniani. Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji, ndiko ilikokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na ndiko yaliko leo makao ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2020. Mkazi wa Arusha anayeuziwa chupa isiyo na lebo kwa ajili ya mchwa ana mahali pa kuuliza, tena karibu na nyumbani kuliko Mtanzania mwingine yeyote.

Kuhusu kusafirisha kuni nitasema kidogo. Mwaka 2002, karibu na Detroit huko Marekani, aligunduliwa mbawakawa wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya jamii ya ash. Yeye mwenyewe huruka masafa mafupi, lakini watu walimpeleka jimbo hadi jimbo ndani ya kuni za kupigia kambi, na mamilioni ya miti yamekufa. Majimbo mengi yaliishia kuzuia kuni zisivuke mipaka. Sisi tumeona jambo hilohilo kwa dumuzi na magunia. Lori la kuni kutoka mkoa mwingine linaweza kuwa na bei nzuri, lakini kama gari litashusha mzigo wenye gome na vitundu karibu na shamba lenye kahawa na mahindi, heri kununua mgrivea wa jirani.

Kwa aliye na rundo la zamani ukutani, kazi ianze wakati wa ukavu, asubuhi, kukiwa na kuku uani. Toa kuni moja moja kuanzia juu, vaa glovu au shika kwa tambara, usiingize mkono usikoona. Zilizo nzima na kavu zipeleke kichanjani. Zenye vitundu na unga zitenge, ziwe za kupikia wiki hiyo. Zilizooza chini zisirudi popote, zitandazwe juani mbali na nyumba hadi zikauke, zichomwe. Fagia hadi udongo uonekane, kisha utazame msingi kwa tochi kutoka pembe hadi pembe. Ukikuta kijia cha udongo, kikwangue kipande cha shubiri moja katikati, uache juu na chini. Rudi baada ya siku tatu au nne. Kikiwa bado kimekatika na kikavu, mchwa walikuwa wanafuata kuni nao wameondoka nazo. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mbichi, wako ndani ya nyumba tayari, na hapo mwite fundi afungue fremu iliyo karibu kabla hujafikiria dawa yoyote.